Betelgeuse kufifia si dalili ya mlipuko

Wengi huamini kwamba Betelgeuse ikififia, inakaribia kulipuka. Dhana hii inaeleweka, maana nyota hiyo nyekundu ya kundi la Jabari kweli itaishia kwa mlipuko. Ila kupanda na kushuka kwa mwanga ni kawaida yake. Mapema 2020 ilishuka kutoka takriban 0.5 hadi 1.6 (katika kipimo hiki cha mwanga wa nyota, namba ikiongezeka, mwanga umepungua), sababu kubwa ikiwa wingu la vumbi iliyolitoa yenyewe. Mlipuko wenyewe huenda ukatokea baada ya miaka hata 100,000.

Jipimie mwanga wake kwa macho matupu. Afrika Mashariki, Februari saa tatu usiku ndio wakati mzuri. Ilinganishe na nyota za Procyon (0.4) na Aldebaran (0.9). Ikiwa mwanga wake uko robo ya njia kutoka ule wa Procyon kuelekea ule wa Aldebaran, andika 0.5, tarehe na saa. Usiikodolee macho: nyota nyekundu ikitazamwa sana huonekana kung'aa kuliko ilivyo, na hapa ndipo wengi hukosea. Itupie jicho, hamia nyingine, rudi. Nyota iliyo karibu na upeo usiitumie, hewa huimeza mwanga.