Jina kwenye upanga wa Kijapani si ushahidi

Wengi wenye upanga wa kale wa Kijapani huamini kwamba jina lililochongwa kwenye shina, yaani kile kipande cha chuma kinachofichwa ndani ya mpini, linatosha kumtambulisha mhunzi. Sivyo. Majina ya mafundi mashuhuri yameghushiwa kwa karne nyingi, na Kotetsu wa karne ya 17 ni miongoni mwa walioigwa mno. Masamune naye, anayehesabiwa na wengi kuwa mhunzi bora kuliko wote, ameacha kazi chache sana zenye jina lake. Tena panga nyingi ndefu zilifupishwa baadaye kwa kukata shina, jina likapotea.

Ndiyo maana majopo ya wathamini kutoka Japani, kama yale ya NTHK, chama cha Kijapani cha kuhifadhi panga, yaliyokwenda Marekani, huchunguza chuma chenyewe. Upanga huelekezwa kwenye taa ili uonekane mstari mweupe kandokando ya makali, uliotokea fundi alipoupaka udongo na kuuzamisha majini ukiwa wa moto. Hutazamwa pia mpindo, mishipa ya chuma na rangi ya kutu kwenye shina. Jina lisipoafikiana na hayo, cheti cha uhalisi hakitolewi.

Linaloniumiza ni kuona watu wakisugua shina kwa msasa ili jina lisomeke. Kutu ile nyeusi ndiyo inayoonyesha umri, na ikiondoka hairudi. Tafadhali iache, hata kama upanga hauna jina kabisa: wathamini huweza kuutambua mkono wa fundi bila hilo.