Kofi la chumba cha dharura halianzii mkononi

Saa nane usiku, vijana sita wa bodaboda waliingia wakiwa wamembeba mwenzao aliyepata ajali barabara ya Singida. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti, damu imegandia kwenye suruali. Lakini alikuwa anaongea, anajua jina lake, anapumua vizuri, mapigo ya moyo yako sawa. Dakika chache kabla yao tulikuwa tumempokea mama mjamzito aliyeanguka kifafa cha mimba, na zamu nzima, yaani daktari mmoja na wauguzi wawili, tulikuwa kitandani kwake nyuma ya pazia. Muuguzi mmoja alitoka, akaufunga ule mguu kwa ubao, akachoma sindano ya maumivu, akawaambia vijana, "Subirini hapo." Akarudi kwa mama.

Alipotoka tena kufuata dawa kabatini, zilikuwa zimepita kama dakika ishirini. Kijana mmoja akamzaba kofi. Miwani ikaruka, kioo kimoja kikachomoka. Dada yule akaiokota, akaitia mfukoni, akarudi kumpima mama presha huku amekunja uso ili aone namba.

Hiyo ilikuwa hospitali mojawapo kati ya nilizopitia hapa Kanda ya Kati, na kila nikisimulia kisa hiki wenzangu wa dharura hunijibu kwa cha kwao. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya duniani hupigwa au kushambuliwa mwilini angalau mara moja katika maisha yao ya kazi. Matusi na vitisho havimo kwenye hesabu hiyo, na hivyo ndivyo vya kila siku.

Nilizungumza na wale vijana alfajiri, hasira zikiwa zimeshuka. Kosa la aliyepiga lilikuwa lake na sikumtafutia kisingizio. Ila neno walilorudia wote ni moja: "Hakuna aliyetuambia kitu." Hawakujua nyuma ya pazia kuna nani. Walichoona ni mwenzao amelala kwenye machela na watu wenye makoti meupe wanampita. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii nimefika kuamini kwamba vurugu nyingi za imajensi huota ndani ya ukimya wa namna ile, na ukimya ni kitu tunachoweza kukiondoa leo bila kungoja bajeti ya mtu.

Kwanza wananchi wajue jinsi foleni yetu inavyokwenda. Benki anayetangulia ndiye anayehudumiwa. Dharura haiko hivyo. Mgonjwa akifika anapimwa haraka upumuaji, mapigo, presha, joto na fahamu, kisha anapewa rangi. Nyekundu anaingia sasa hivi, njano anasubiri muda mfupi, kijani anaweza kukaa hata saa kadhaa. Anayepiga kelele za maumivu angalau anapumua na ana fahamu. Tunayemkimbilia mara nyingi ni yule aliyenyamaza kwenye kona, mtoto aliyelegea mgongoni kwa mama yake, ambaye hata watu waliokaa naye benchi moja hawajamwona. Kwa hiyo ukiona mtu aliyekuja nyuma yako anaingizwa kabla yako, usidhani ametoa chochote. Uliza tu: "Sista, mgonjwa wangu amepewa rangi gani?" Ni haki yako kujibiwa.

Na foleni imekuwa ndefu kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma, ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Milioni moja imeongezeka ndani ya miaka kumi, na barabara za kwenda Morogoro, Iringa, Singida na Arusha zote zinakutana hapa mjini pamoja na ajali zake.

Kuna vurugu nyingine ambayo haina uhusiano wowote na foleni, na hapa nawasemesha zaidi wahudumu wenzangu. Baba mmoja aliletwa na wanawe akiwa anarusha mateke, anatukana, jasho linamchuruzika. Alimpiga muuguzi ngumi ya bega. Mlinzi akasema, "Huyu ni mlevi, mfungeni." Mwingine akataja Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Muuguzi yuleyule aliyepigwa ndiye aliyechukua kipimo cha sukari, akamtoboa kidole wakati wanawe wamemshika mkono. Sukari ilikuwa imeshuka kiasi kwamba mashine haikutoa namba. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, amechoma insulini bila kula. Tulipomtilia dripu yenye glukosi alitulia mbele ya macho yetu, akamtazama muuguzi, akauliza, "Mwanangu, mbona unalia?"

Mtu anayepigana anaweza kuwa na sukari iliyoshuka, oksijeni kidogo, jeraha la kichwa, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Anaweza pia kuwa mnywaji wa kila siku aliyeikosa pombe kwa siku mbili tatu. Harufu ya pombe haiondoi hata moja kati ya hizo. Kipimo cha sukari hakimalizi dakika moja, kwa hiyo kitangulie kabla ya jina lolote la kumbandika mtu. Nanyi ndugu, mkimleta mgonjwa wa hivyo, tuambieni mapema: ana kisukari? Ana kifafa? Aligonga kichwa? Kuna dawa ameacha? Hakuna aibu katika maswali hayo, na majibu yake yanaokoa mgonjwa na mhudumu kwa pamoja.

Nikirudi kwenye ukimya: katika zamu ninazosimamia, mtu mmoja anapewa kazi ya kutoka kwenda kwa ndugu kila baada ya nusu saa, hata kama hana jipya. "Shikamoo mama. Bado tunasubiri majibu ya damu, mgonjwa yuko macho." Basi. Bibi aliyeletwa kutoka Bahi au Chamwino akisalimiwa kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na mtoto wa watu aliyevaa sare, mabega yanashuka kabla hata ya taarifa kufika. Habari ya msiba isitolewe korido wala kwa mtu aliyesimama. Watafutwe viti, wakae, na neno "amefariki" litamkwe waziwazi, kwa sababu "tumejitahidi sana" huacha watu wakikisia, na kukisia huko ndiko kunakopasua vioo. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, nayo ielezwe vizuri. Majeruhi mahututi anatibiwa kwanza na fomu ya polisi inafuata. Ndugu anayetumwa kituoni aelewe kwamba wakati yeye anakwenda, matibabu yanaendelea.

Yapo mengine ambayo ni ya uongozi. Mlinzi mmoja akae ndani anapoona benchi la kusubiri, maana wa getini hufika kofi likiwa limeshapigwa. Chumba cha kumwona mgonjwa kiwe na nafasi ya mhudumu kukaa karibu na mlango. Na anayeona sauti inapanda, mtu anatembea huku na huko, anamkazia mtu macho, ngumi zimekunjwa, arudi hatua mbili, aite mwenzake, aongee polepole. Ukishindwa, toka. Hakuna mgonjwa anayesaidiwa na muuguzi aliyepigwa akazirai. Lile bango la "Ni kosa kumtukana mtumishi" libaki ukutani kama lipo, ila sijawahi kuliona likimtuliza mtu.

Kosa lenyewe ni kosa kweli. Kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinampa aliyemshambulia mtu na kumdhuru mwili kifungo cha hadi miaka 5, na mwathirika kuvaa sare ya uuguzi hakupunguzi chochote. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa 2019, unahesabu kitisho na tendo la ukatili kazini hata likitokea mara moja tu. Mtumishi aliyeumia kazini anaweza pia kudai fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Lakini milango yote hiyo inadai maandishi: saa ngapi, wapi, nani aliona, umeumia wapi. Sisi tumezoea kusema "ndiyo kazi yenyewe" na kuendelea na zamu. Mhudumu aliyepigwa apimwe kama majeruhi mwingine yeyote, apate PF3 yake, na mkuu wa zamu amtoe kazini usiku ule.

Dada wa miwani hakutolewa. Alimaliza zamu saa moja na nusu asubuhi, mama wa kifafa cha mimba akiwa amejifungua kwa upasuaji, mguu wa yule kijana ukiwa kwenye plasta. Wiki iliyofuata alinunua daftari kubwa kwa hela yake, akaandika juu yake "Matukio", akalifunga kwa kamba kwenye meza ya wauguzi pamoja na kalamu. Ukurasa wa kwanza alijaza mwenyewe: saa nane na nusu usiku, mbele ya kabati la dawa, shavu la kushoto, miwani imevunjika.