Kiwanja "kinachogusa mto" si chako mpaka majini

Dalali wa Arusha akikupeleka kando ya Themi au Naura, atakuonyesha migomba, atakusikilizisha maji, kisha atasema: "Hapa unanunua mpaka mtoni." Bei inapanda kwa sababu ya maneno hayo. Moshi, kando ya Karanga au Rau, wimbo ni huohuo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, pamoja na zile zinazoweza kuharibu mazingira. Sasa piga hesabu. Kiwanja cha mita 20 kwa 40 kinachoanzia ukingoni kinaishia chote ndani ya zile 60. Hapo umenunua shamba la maua, tena la bei ya nyumba. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa haifuti sheria hiyo.

Wengine hujitetea kwamba mto ni mdogo, kiangazi unauruka kwa hatua moja. Lakini maji yake yanatoka Mlima Meru, au Kilimanjaro kwa upande wa Moshi. Masika mvua inaweza kunyesha huko juu, wewe huku chini umeanika nguo, na mto ukajaa ghafla.

Na kuvuta maji kwa pampu? Yana kibali chake, kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, beba futikamba, pima kuanzia ukingoni, halafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ukaone ramani ya mipango miji.