Je, wajua kwa nini neno gumu la Kiingereza husomwa kuanzia mkiani?

Ingia duka lolote la pembejeo hapa Kigoma mjini uombe dawa ya magugu: utapewa chupa iliyoandikwa 'herbicide'. Ya wadudu ni 'insecticide', ya ukungu wa nyanya ni 'fungicide', na ile ya panya, pakiti yake imeandikwa 'rodenticide'. Muuza duka anaweza kuwa na Kiingereza cha darasa la saba tu, na bado hakosei chupa. Keshaona kwamba mkia ni ule ule, kinachobadilika ni cha mbele.

Mkia huo, '-cide', ni wa Kilatini. Unatokana na kitenzi caedere, yaani kukata au kuua. Sasa tazama dawa hizo hizo zinavyoitwa kwa Kiswahili cha mabwana shamba: viuagugu, viuawadudu, viuatilifu. Kuua kumo, kinachouawa kimo. Tofauti ni nani katangulia. Sisi tunaanza na kuua, gugu linafuata. Kilatini kinaanza na mmea, herba, na kuua kunakuja nyuma.

Hilo ndilo jibu la swali letu, na sijui kwa nini halisemwi mapema darasani. Maneno mengi marefu ya sayansi katika Kiingereza yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na mara nyingi vipande hivyo vimepangwa kinyume na tunavyopanga sisi. Ukilishika neno kutoka nyuma, unajikuta unalisoma kwa mpangilio wa Kiswahili. Chukua 'thermometer'. Metron ni kipimo, thermos ni kitu cha moto. Kutoka nyuma unapata kipima, kisha joto: kipimajoto. 'Carnivore' nalo lina vorare, kula kwa pupa, na caro, nyama. Mla nyama. 'Photosynthesis', ambalo wengi hulikariri kama sala, lina synthesis, kuweka vitu pamoja hadi vikawa kitu kimoja, na phos, nuru. Ni usanisinuru yetu ya shule ya msingi, mbele imekuwa nyuma.

Sisi wa mwisho wa reli tunajua kwamba treni inaweza kuvutwa na kichwa kilichotangulia au kusukumwa na kichwa kilicho nyuma. Mabehewa ni yale yale.

Lakini Kigiriki na Kilatini vilifikaje ndani ya Kiingereza? Kiingereza cha mwanzo kilikuwa lugha ya makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza, na maneno yake ya nyumbani bado ni ya huko: 'water', 'hand', 'tooth', 'sun'. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi, wakaja na Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini. Juu ya hapo, kwa karne nyingi kanisa na vyuo vilitumia Kilatini; hata Isaac Newton alipochapisha kazi yake kubwa ya fizikia mwaka 1687, aliiandika kwa Kilatini. Sayansi ilipozidi kupanuka, kila kitu kipya kilihitaji jina, na wasomi wakaendelea kuchota kwenye lugha hizo mbili za kale.

Matokeo yake, Kiingereza kina tabaka mbili. Kuna 'hand' ya mtaani na 'manual' ya vitabuni, 'tooth' na 'dental', 'water' na 'aquatic' na 'hydraulic'. Mtoto anayemaliza darasa la saba amepewa tabaka la kwanza. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza siku moja, na Kiingereza chenyewe ni cha tabaka la pili. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anasifiwa kwa Kiingereza chake anaweza kufungua kitabu cha Baiolojia akadhani ni lugha nyingine. Kwa sehemu kubwa, ni lugha nyingine kweli.

Mwanafunzi wa kemia hapa Kigoma atakutana na neno 'saponification'. Ni refu, na linatisha kwenye karatasi ya mtihani. Tulikate. Mkiani kabisa kuna '-ation', ambacho kinaonyesha tendo, kama u- na -ji katika utengenezaji. Katikati kuna '-fic-', kutoka kitenzi facere, kufanya au kutengeneza. Mbele kuna 'sapon-', na hapa usikimbilie kamusi, litamke tu polepole: sapon, sabuni. Sasa soma kutoka nyuma: tendo la kutengeneza sabuni. Ndicho kinachofanyika mafuta ya mawese yanapochemshwa pamoja na kostiki soda, yakakorogwa hadi yakaanza kuwa mazito, kisha yakamiminwa kwenye vibao yagande na kukatwa miche. Kinachobaki pembeni ni gliserini, na jina hilo linatokana na glykys, yaani tamu kwa Kigiriki, kwa sababu gliserini ina utamu ukiionja. Kipande hicho hicho kimo katika 'glucose'.

Sapon na sabuni hazikufanana kwa bahati. Walatini waliita sapo, nao inadhaniwa walilipata kwa makabila ya kaskazini mwa Ulaya. Neno likasambaa hadi kwa Waarabu, Waarabu wakalifikisha pwani yetu, na kutoka pwani likapanda bara na misafara hadi Ujiji. Kwa hiyo Mswahili anayejifunza 'saponification' hajifunzi kitu kigeni chote. Theluthi ya neno anayo bafuni kwake. Karatasi ni hivyo hivyo: kwa Kigiriki ilikuwa khartes, ikapita Uarabuni ikawa qirtas, na kwa njia ya Kilatini na Kifaransa ikawa 'chart' na 'card' ya Kiingereza. Meza tuliipata kwa Wareno, nao waliitoa kwenye mensa ya Kilatini. Shule tuliachiwa na Wajerumani, na ukiifuata hadi Ugiriki utakuta schole, ambayo maana yake ya kwanza ilikuwa muda wa mapumziko. Wanafunzi wa bweni watakuwa na maoni yao juu ya hilo.

Ukishuka Kibirizi asubuhi, dagaa wanaoanikwa pale ni wa aina mbili, na wanasayansi wanawaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Thrissa kwa Wagiriki alikuwa samaki mdogo wa jamii hiyo, na limne ni ziwa. Kutoka nyuma: dagaa wa ziwani. Ukishamjua limne unaweza kufungua 'limnologist' bila msaada: '-ist' ni mtu, '-log-' ni elimu, 'limn-' ni ziwa. Mtu wa elimu ya maziwa (haya ya maji, si ya ng'ombe). Na hayo yote umeyapata kwa samaki aliye kwenye sahani yako.

Panda boti hapo hapo Kibirizi uende Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Jina la kisayansi la sokwe hao ni Pan troglodytes. Dyein ni kuingia, trogle ni shimo: mwingia shimoni. Yeyote aliyefika Gombe atakwambia sokwe hulala juu ya miti, kwenye vitanda vya matawi anavyovitandika kila jioni. Waliompa jina katika karne ya 18 walikuwa Ulaya, walimjua kwa habari za kusikia na mifano michache, na jina likishasajiliwa halifutwi kirahisi. Oksijeni nayo ina hadithi hiyo hiyo. 'Gen' ni kuzaa, oxys ni kali kama siki, mzaa asidi. Mfaransa Lavoisier aliipa jina hilo akiamini kila asidi lazima iwe na oksijeni ndani yake. Asidi ya haidrokloriki haina hata chembe. Kwa hiyo ukikata neno unapata alichofikiri aliyelibuni, na si lazima upate ukweli wa kitu chenyewe. Septemba ina septem ndani yake, saba, nasi tunauita mwezi wa tisa, kwa sababu zamani mwaka wa Warumi ulianza Machi.

Kuna mahali ambapo kanuni ya mkia haifanyi kazi. Vipande vinavyoonyesha mahali au wakati, vile vinavyokaa mbele daima, havihitaji kugeuzwa. 'Submarine' ni sub, chini, na mare, bahari: chini ya bahari, moja kwa moja. 'Prehistoric' ni kabla ya historia. 'Philosophy' pia inakwenda mbele kama Kiswahili, philo kupenda na sophia hekima, ndiyo iliyotupa falsafa kupitia Kiarabu. Na kiboko wa Malagarasi ni mkaidi zaidi ya wote. 'Hippopotamus' ina hippos, farasi, na potamos, mto, na inasomwa farasi wa mto bila kugeuza chochote. Ukiigeuza unapata mto wa farasi, na utakuwa umepotea.

Hatari nyingine ni kukata mahali pasipo na kiungo. Mfano wangu mzuri unaanzia kwenye mti wa mninga. Jina lake la kisayansi ni Pterocarpus angolensis: karpos tunda, pteron bawa. Okota tunda lake chini ya mti wakati wa kiangazi uliangalie. Ni la mviringo, katikati kuna uvimbe wenye miiba migumu unaoficha mbegu, na kuuzunguka pote kuna utando mwembamba kama karatasi, ndilo bawa lenyewe, linalolisaidia kupeperuka na upepo. Pteron hiyo hiyo imo ndani ya 'helicopter'. Watu wengi, Waingereza wakiwemo, hulikata 'heli' na 'copter', wakapata hata 'heliport'. Kiungo chake halisi kipo kwingine: 'helico-', kutoka helix, msokoto au kitu kinachozunguka, na 'pter', bawa. Bawa la kuzunguka. Ukijua hivyo hutatafuta tena maana ya 'copter', kwa sababu haina.

Kuna pia vipande viwili vinavyofanana sura na havina undugu. 'Ped-' ya Kilatini ni mguu, kama katika 'pedestrian' na 'pedal'. Lakini wodi ya watoto hospitalini ni 'paediatric', na hiyo ni pais ya Kigiriki, mtoto. Bahati nzuri sisi tunaandika Kiingereza cha Uingereza, na ile 'ae' inakutahadharisha. Wamarekani wameiondoa, kwao mtoto na mguu vinaandikwa sawa. 'In-' nayo ni ya kuchunga. Katika 'invisible' inakanusha, katika 'inject' inamaanisha ndani. Ukikuta pipa la mafuta limeandikwa 'inflammable' ukadhani ni 'lisiloshika moto', unaweza kuwasha sigara mahali pabaya kabisa, kwani neno hilo linatokana na inflammare, kuwasha moto.

Kwa mzazi au mwalimu anayetaka kumwanzishia mtoto, ningeshauri aanze na mikia, si orodha ndefu za mizizi zinazouzwa kwenye vijitabu. Mtoto akishika '-meter' ya kupima, '-graph' ya kuandika au kuchora, '-scope' ya kutazama, '-logy' ya elimu, '-cide' ya kuua, '-vore' ya kula, '-phobia' ya hofu na '-fication' ya kufanya kitu kiwe, tayari ana upande wa maneno unaobeba maana kuu. Cha mbele atakijaza kwa kazi ya kila siku. 'Solar' ataipata kwenye paneli ya sola iliyo juu ya bati la jirani, sol ni jua. 'Agri-' kwenye lile lile duka la pembejeo, kwani ager ni shamba. Daftari lipangwe kwa koo, kila mkia na ukurasa wake, kwa sababu neno moja lililoandikwa peke yake husahaulika kabla ya mtihani wa mwezi. Na kila neno jipya likipatikana, mtoto alitafute kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza, ambayo mara nyingi huweka asili ya neno mwishoni mwa maelezo yake, ili ahakiki kama amelikata kwenye kiungo au kwenye mfupa.