Onesimo alipokewaje?

Nimeulizwa tena, safari hii na mzee wa kanisa ninayemheshimu sana hapa Tukuyu: "Mwalimu, watu wana Biblia. Riwaya za kubuni za nini maktabani? Si uongo huo?" Najibu kwa maandishi, maana kwa mdomo nimechoka.

Hoja ya uongo naipita mbio. Nabii Nathani alimwendea Daudi na kisa cha tajiri aliyepora mwana-kondoo wa maskini. Tajiri huyo hakuwapo, na Daudi, mfalme aliyempora mtu mke wake, alinaswa. Basi.

Kinachonikera ni dhana iliyojificha nyuma ya swali, kwamba riwaya ya kihistoria inapamba tu tunayoyajua tayari. Tunayajua? Chukua Waraka kwa Filemoni, barua ambayo Mtume Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo, mistari 25 tu. Kila mwaka tunahubiriwa kwamba Onesimo alitoroka. Fungua usome: hakuna neno hilo. Paulo anasema alitengwa na bwana wake kwa muda, na kwamba kama kuna deni, atalilipa yeye. Kutoroka tunakisia sisi. Wala hatuambiwi Paulo alifungwa mji gani. Wengi husema Roma, wengine Efeso, wengine Kaisaria. Mhubiri anaweza kuliruka hilo. Mwandishi wa riwaya hawezi. Akichagua Efeso, Onesimo anarudi kwa bwana wake Kolosai kwa miguu, safari ya kama wiki moja. Akichagua Roma, lazima avuke bahari, apate nauli, na awe na siku nyingi za kughairi. Wakolosai 4 inampa mwenzake wa safari, Tikiko. Wanazungumza nini usiku, barua ikiwa mkobani? Hapo ndipo utamu wote ulipo.

Halafu waraka unakoma. Filemoni alifanyaje? Mwandishi mahiri anawaweka watumwa wengine wa nyumba ile uani, wakitazama: huyu akipokewa kama ndugu, sisi je? Swali hilo sijalisikia mimbarini hata siku moja. Mwandishi mvivu anawakumbatisha wote, wanalia, wanaimba, kitabu kimeisha. Hicho nakiweka rafu ya chini. Mwanzoni mwa karne ya 2 Ignatio, askofu wa Antiokia, anamtaja askofu wa Efeso aitwaye Onesimo. Kama ni yuleyule, hakuna awezaye kuthibitisha, na riwaya inapumulia kwenye mwanya huohuo.

Nina wasiwasi, sitauficha. Nikisoma waraka ule sasa, namwona Onesimo mwenye sura na kovu alilopewa na mwandishi, na sijui kama ananisaidia kuyasikia Maandiko au ananiziba masikio. Riwaya zinazomtia Bwana Yesu maneno mapya kinywani zinanitia hofu zaidi. Chache sana nimezimaliza.

Hata hivyo kiu yangu kubwa ni ya hapahapa. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, zama ambazo vijana wa Kinyakyusa waliondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, rika moja, wakila pamoja. Kijana aliyehamia misheni alikula na nani? Alipofiwa na baba, alicheza ngoma ya msiba na wenzake au alisimama kando na kitabu chake cha nyimbo? Mama yake alimwambia nini? Riwaya ya Kiswahili inayoyajibu hayo bado sijaipata. Mwenye muswada aulete, hata kama ni wa mkono kwenye daftari. Nitausoma usiku huohuo.