“Imechapishwa, Kwa Hiyo Iko Sahihi”: Dhana Potofu Kuhusu Milinganyo ya Mmomonyoko

Kila msimu wa tasnifu hapa Dar es Salaam naletewa utetezi uleule: “Dokta, huu mlinganyo nimeutoa kwenye jarida la kimataifa.” Kisha nafungua ramani yake ya mmomonyoko wa udongo katika bonde la mto Msimbazi na kukuta tambarare ya Jangwani inapoteza udongo mwingi kuliko vilima vya Pugu. Jarida limesema, basi.

Dhana: Mlinganyo uliochapishwa umeshahakikiwa.

Mhakiki anasoma hoja, majedwali na mjadala. Ni wachache sana wanaoshika kikokotoo na kuupitia mlinganyo namba kwa namba. Makala ikipangwa upya kwa ajili ya chapa, kipeo kinashuka mstarini na alama ya kutoa inadondoka. Chukua USLE, mlinganyo wa Marekani wa kukadiria udongo unaopotea: unazidisha R (nguvu ya mvua), K (wepesi wa udongo kumomonyoka), LS (urefu na ukali wa mteremko), C (mimea iliyofunika ardhi) na P (hatua za kuhifadhi udongo). Mlinganyo wake wa K, wa watafiti Wischmeier na Smith, unaanza na 2.1 × 10⁻⁴. Ikidondoka ile hasi, namba hiyo inakua mara milioni mia moja. Kosa la ukubwa huo angalau linapiga kelele lenyewe.

Ninayoyaogopa ni makosa ya kimyakimya. Ule mlinganyo wa R unaotumia mvua ya kila mwezi utaukuta makala hii ikipunguza 0.08188 kwenye kipeo, makala ile ikipunguza 0.8188. Ni sifuri moja tu baada ya nukta, lakini majibu yanapishana karibu mara tano na nusu. Ramani zote mbili zitatoka na rangi nzuri, na hakuna atakayeshtuka.

Sasa angalia kosa linavyosafiri. Wa kwanza anakosea kuchapa. Wa pili ananakili kwa wa kwanza, ila kwenye marejeo anaandika “Wischmeier na Smith, 1978”, maana kutaja chanzo cha asili kunaleta heshima. Wa tatu akiona chanzo cha asili kimetajwa, anaamini kuna mtu alikifungua. Miaka ikipita kosa linakuwa na mashahidi kumi, na wote waliambiwa na mtu mmoja. Kinachoniudhi ni kwamba chapisho lenyewe, Mwongozo namba 537 wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, linapatikana mtandaoni bure. Mwanafunzi ana bando la kupakua makala arobaini, lakini hilo moja halifungui.

Kuna jaribio ambalo nalidai kwa kila anayeniletea kazi, kabla hajagusa programu yoyote. USLE imejengwa juu ya kipande cha shamba chenye urefu wa mita 22.13 na mteremko wa asilimia 9, na kwa kipande hicho LS lazima iwe 1. Chukua kalamu. Sehemu ya urefu ni 22.13 gawanya kwa 22.13, yaani 1, kipeo chochote utakachoweka. Sasa sehemu ya mteremko: sini ya mteremko huo ni 0.0896. Izidishe yenyewe kwa yenyewe, kisha mara 65.41: unapata 0.525. Ongeza 4.56 mara 0.0896, yaani 0.409, halafu 0.065. Jumla 0.999. Mlinganyo wako ni mzima. Aliyenakili 0.65 badala ya 0.065 atapata 1.58, na hapo arudi kwenye kitabu. Kazi ya dakika tano!

Dhana: Programu ya ramani haikosei.

Haikosei, inatii. Ramani ya mteremko kwa kawaida inatoka kwa digrii, ilhali kikokotoo cha rasta (ramani ya pikseli) mara nyingi kinasubiri radiani. Usipozidisha kwa 0.01745, pikseli ya digrii 2 inapewa sini 0.909, ambayo ni sini ya genge la digrii 65. Pikseli ya digrii 5 inapata sini hasi, na ukiiweka kipeo cha 1.3, kama baadhi ya milinganyo ya LS inavyotaka, inageuka tundu lisilo na data. Ndiyo siri ya Jangwani kuwa genge.

Dhana: Mlinganyo wowote wa R wa Afrika unatufaa.

Chukua mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka, karibu na tunayopata Dar. Mlinganyo wa Hurni, uliotengenezwa kwa Ethiopia, unakupa takriban 618 ukiondoa 8, yaani 610. Wa Moore wa 1979, wa Afrika Mashariki, unatoa takriban 3,250. Ukisahau kuzidisha kwa 17.02 ili kutoka kwenye vizio vya Kimarekani, huohuo wa Moore unakupa 191. Mvua ni ileile. Washauri wa tathmini za mazingira, nawaomba: andikeni vizio mbele ya kila namba.

Dhana: Kaboni na mboji ni kitu kimoja.

Maabara ikikupa kaboni, zidisha kwa 1.724 upate mboji, kabla ya kuiingiza kwenye K. Na K yako ikisoma 0.35, bado uko kwenye vizio vya Kimarekani; zidisha kwa 0.1317.

Dhana: Majibu yangu yanalingana na ya wengine, kwa hiyo ni sahihi.

Yatakosaje kulingana, kama mlinakili ukurasa mmoja?

Dhana: USLE inatuambia mchanga unaofika mtoni.

Hapana. Inakadiria udongo unaong'olewa na matone ya mvua na maji yanayotiririka juu ya mteremko. Haihesabu unaotua njiani, makorongo, kingo za mto zinazomeguka, wala maporomoko. Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mvua kubwa ya Februari 1970 ilileta maporomoko kwa mamia, na hata ungezidisha R, K, LS, C na P bila kosa hata moja, usingeyaona. Anayetaka kujua mashapo ya Msimbazi apime mtoni.