Usiniambie "kwa kawaida", niambie jana

Fomu yetu ya mwanzo ya kupima afya ya wanafunzi wa chuo ilikuwa na swali nililojivunia: "Je, unafanya mazoezi?" Vijana wa kiume walijibu ndiyo, mmoja baada ya mwingine. Nikamuuliza mmoja, mara ya mwisho lini? Akacheka. "Ijumaa ile tulipocheza mpira, daktari." (Mimi si daktari, ni mtu wa afya ya jamii, lakini nimechoka kusahihisha.) Ijumaa yenyewe ilikuwa kabla ya Ramadhani, na Idi tulishaila zamani.

Tangu hapo, nikiwapima wanafunzi wa chuo hapa Unguja, nauliza jana, na wiki iliyopita. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Basi nauliza: daladala ilikushusha wapi, ukaenda kwa miguu hadi wapi?

Kwenye chakula ndiko kwenye kazi. Binti mmoja aliniambia hapendi sukari. Tukaihesabu jana yake: chai ya maziwa na maandazi, mchana urojo, usiku chipsi mayai na soda. Soda nyingine ilikuwa mkobani, ya mililita 300. Nikamwomba asome kibandiko: gramu 11 kwa kila mililita 100. Akapiga hesabu mwenyewe, gramu 33, vijiko vinane vya chai. "Lakini hii mimi nakunywa, sili," akasema. Hakuwa anatania.

Vipimo navyo vina mitego yake. Mwanafunzi kapanda ngazi mbio, kahawa bado iko mdomoni, ukimpima hapo hapo utampa presha asiyokuwa nayo. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, kisha apimwe mara mbili. Hata akifika 140/90, namrudisha siku nyingine kabla ya kusema lolote. Kiuno cha msichana hakipimwi juu ya baibui; nyuma ya pazia, na mwanamke mwenzake ndiye anayeshika utepe. Tunaanza kutazama kwa makini kuanzia sentimita 80 kwa mwanamke, 94 kwa mwanamume.

Kuhusu tumbaku, namuuliza mtu akiwa peke yake, na shisha naitaja kwa jina. Anayevuta shisha ukimuuliza sigara atakwambia hapana, na hajasema uongo.